Shajara ya mradi: daftari la shamba lililochoka mkabala na Fredericksburg, Virginia, 1771–1789

Lengo ni kuunda upya daftari la hesabu na ramani ya mashamba mawili ya Virginia ya karne ya 18, kwa namna ambayo mtu mwenye shamba jingine la enzi hizo anaweza kuchukua jedwali letu, akabadilisha namba na kuendelea. Tumechagua mashamba ambayo George Washington, kabla ya urais, alilazimika kuyashughulikia kwa ajili ya mama yake, Mary Ball Washington. Moja aliliuza. La pili alilikodi, likamtia hasara kwa miaka.

Vifaa: kompyuta moja, jedwali la hesabu, programu ya ramani ya QGIS, na barua zinazosomwa bure kwenye Founders Online ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Fedha zimekwenda kwenye bando na karatasi za gridi tu. Kilicholiwa zaidi ni muda, na saa zake zimeandikwa kwenye kila hatua.

11 Januari. Jina la shamba (saa 7)

Siku nzima ya kwanza ilipotea kwa kutafuta "Ferry Farm", jina la leo la shamba la kwanza, kwenye maandishi ya miaka ya 1770. Hatukupata kitu, na kosa ni letu: jina hilo limezoeleka baadaye. Watu wa wakati ule waliitaja ardhi kwa mwenye nyumba, kwa mto, au kwa kilicho ng'ambo. Tulipotafuta kwa "mkabala na Fredericksburg" na kwa mto Rappahannock, nyaraka zikafunguka.

Kosa la pili lilifuata papo hapo. Ukitazama ramani ya leo shamba liko Stafford County, nasi tukaanza kutafuta kumbukumbu za Stafford. Wakati wa mauzo lilikuwa King George County. Mipaka ya kaunti hizo mbili ilibadilishwa wakati wa vita vya uhuru. Mji wa Fredericksburg wenyewe uko upande wa pili wa mto, na wakati ule ulikuwa wa kaunti nyingine kabisa. Tangu siku hiyo kila mstari wa jedwali una safu mbili: kaunti ya wakati ule na kaunti ya sasa. Anayenakili kazi hii aanze na safu hizo kabla ya kugusa chochote.

18 Januari. Mashamba mawili, si moja (saa 9)

Rasimu ya kwanza ya daftari ilikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa "shamba la mama". Tuliufuta wote.

La kwanza ni shamba la nyumbani, kama ekari 600, kwenye ukingo wa kaskazini wa Rappahannock. Augustine Washington, baba yake George, alifariki Aprili 1743, George akiwa na miaka 11, na wosia ukampa George shamba hilo pamoja na watumwa 10. Alipotimiza miaka 21, Februari 1753, kisheria lilikuwa lake. Mama aliendelea kukaa na kuliendesha hadi 1772. Kwa hiyo miaka 19 mwenye hati na mwenye jembe walikuwa watu wawili tofauti.

La pili lilikuwa la Mary mwenyewe: ekari 400 alizoachiwa na baba yake, Joseph Ball, aliyefariki 1711, zikiwa kwenye mto huohuo. Hili George hakuwa na mamlaka ya kuliuza. Alichoweza ni kulikodi.

Ukichanganya kurasa hizi mbili utaona muujiza usiokuwepo: mauzo ya £2,000 yatafunika hasara ya kodi na shamba litaonekana lina faida. Sisi lilituonekania hivyo kwa wiki nzima.

2 Februari. Udongo (saa 5)

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa mambo yake yanafahamika. Tumbaku hunyonya naitrojeni na potasi kwa kasi. Mkulima wa pwani ya Virginia alifyeka msitu, akapanda tumbaku misimu mitatu au minne, akafuatisha mahindi au ngano, kisha akaiacha ardhi irudie kichaka kwa miaka kama 20. Mifugo ilizurura msituni, kwa hiyo samadi ilidondoka huko huko badala ya shambani. Mwaka kwa mwaka ungemwona mtu na shamba kubwa ambalo sehemu inayolimwa ni kipande tu.

Kwa jedwali tumeweka kanuni hii: mtu mmoja wa shambani alimudu ekari 2 hadi 3 za tumbaku kwa mwaka, na ili mzunguko huo ukae sawa alihitaji ekari 20 au zaidi nyuma yake. Shamba la ekari 600 lenye ekari 200 tu zilizofyekwa lisomwe kwa jicho hilo. Ekari 400 zenye miti zilikuwa akiba ya rutuba, kuni na mbao za uzio.

Washington alilijua tatizo hili kwake mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1760 aliacha tumbaku kwenye shamba lake la Mount Vernon na kugeukia ngano.

16 Februari hadi 2 Machi. Ramani (saa 22)

Hatua hii imekula saa nyingi kuliko zote, na karibu zote ni za kurekebisha makosa.

Washington alikuwa mpimaji kwa kazi yake ya ujana, na Septemba 1771 alilipima shamba mwenyewe. Vipimo vya wakati huo huja kwa mwelekeo wa dira na urefu wa poli. Poli 1 ni futi 16.5, yaani mita 5.03. Poli za mraba 160 hufanya ekari 1. Mnyororo wa Gunter, wa kupimia ardhi, una futi 66, sawa na poli 4, na umegawanywa viungo 100. Wapimaji wengine walitembea na mnyororo wa nusu, wa poli 2, kwa sababu ni rahisi kuuvuta msituni, kwa hiyo ukikuta neno "mnyororo" bila maelezo usikimbilie futi 66.

Mfano wa kufanyia mazoezi, ambao tumeutunga sisi: mstari wa "Kaskazini 30 Mashariki, poli 120". Maana yake simama ukitazama kaskazini, geuka digrii 30 kuelekea mashariki, tembea poli 120, ambazo ni mita 603.5. Kwenye jedwali, kwenda kaskazini ni 120 × kosaini ya 30 = poli 103.9; kwenda mashariki ni 120 × saini ya 30 = poli 60. Fanya hivyo kila mstari, jumlisha safu mbili, na ukirudi ulikoanzia jumla zote mbili ziwe karibu na sifuri. Kinachobaki ndicho kosa la kufunga. Sisi tunakubali chini ya asilimia 1 ya mzunguko wote. Zaidi ya hapo tunarudi kusoma namba upya, maana mara nyingi ni 3 iliyosomwa kama 5, au Mashariki iliyoandikwa Magharibi.

Kilichoharibika: tulizungusha ramani yote kwa tofauti ya leo kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi, ambayo kwa eneo la Fredericksburg ni kama digrii 10 magharibi. Mstari wa ukingo ukaingia mtoni. Tulidhani namba zimekosewa na tukapoteza saa 6 kuzikagua, kumbe namba zilikuwa sawa. Sindano ya dira haielekei pale pale karne baada ya karne, na katika miaka ya 1770 tofauti hiyo kwa Virginia ilikuwa ndogo kabisa ukilinganisha na ya sasa. Shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, lina kikokotoo cha bure cha tofauti za zamani. Weka mwaka wa kipimo, chukua namba yake, zungusha. Ukingo ukakaa mahali pake.

Kipimo cha akili kabla ya kuamini ramani yoyote: ekari 600 ni poli za mraba 96,000. Kama ingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa kama poli 310, yaani mita 1,558. Umbo lako likiwa na upande wa kilomita 5, kuna mahali umesoma futi kama poli.

9 Machi. Tangazo la Novemba 1772 (saa 4)

Mwaka 1772 Washington alimnunulia mama yake nyumba mjini Fredericksburg kwa £275, kutoka kwa Michael Robinson, karibu na nyumbani kwa dada yake George, Betty Lewis. Shamba likabaki bila mkazi wa familia, na Novemba mwaka huo likatangazwa kwenye gazeti la Virginia Gazette.

Tumelisoma tangazo hilo mstari kwa mstari na kuliingiza kwenye jedwali lenye safu mbili: lililosemwa na lisilosemwa. Lililosemwa ni ekari 600, kama 200 zikiwa zimefyekwa; upande wa kaskazini wa mto, mkabala na ncha ya chini ya mji; mahali pazuri sana pa kujenga nyumba, juu kidogo ya barabara, ambapo unaona karibu kila nyumba ya mjini na kila chombo kinachopita; na mkopo wa muda mrefu kwa atakayeutaka.

Lisilosemwa ndilo lililotufundisha. Tumbaku haimo. Magunia ya mahindi kwa ekari hayamo. Hakuna neno moja juu ya udongo. Matangazo ya ardhi ya Virginia yalipenda kusifu rutuba pale ilipokuwepo. Hapa mpimaji aliyetembea shamba lote mwaka mmoja kabla amekaa kimya juu yake na akauza mandhari. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi sahihi na wa kweli. Ardhi hiyo ilikuwa na thamani kwa mtu wa mjini anayetaka kiwanja, kivuko na barabara mlangoni. Mkulima angeitembelea siku moja tu akajua.

Anayefanya kazi hii kwa shamba jingine aandike safu ya "lisilosemwa" kabla ya safu ya bei.

23 Machi. Bei na sarafu (saa 8)

Mnunuzi alipatikana mwaka 1774, baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa: Hugh Mercer, daktari mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi Fredericksburg. Bei ilikuwa £2,000 za Virginia, kwa awamu 5 za kila mwaka.

Kosa letu hapa lilikuwa kubwa, na tumeliona kwenye kazi za watu wengine pia: tuliichukua £2,000 kama pauni za Uingereza. Pauni ya Virginia ilikuwa nyepesi zaidi. Kiwango kilichozoeleka kisheria kilikuwa £125 za Virginia kwa £100 za Uingereza, na sokoni kilipanda na kushuka. Kwa kiwango hicho £2,000 ni £1,600 za Uingereza. Dola ya fedha ya Kihispania ilihesabiwa shilingi 6 za Virginia, kwa hiyo £2,000, ambazo ni shilingi 40,000, ni kama dola 6,667.

Kwa ekari: £2,000 gawa kwa 600 ni £3.33. Usiiache hivyo. Pauni 1 ni shilingi 20, shilingi 1 ni peni 12, kwa hiyo ni £3, shilingi 6 na peni 8. Jedwali la hesabu halijui shilingi. Tulipoandika "3.6.8" programu iliigeuza kuwa tarehe, na safu nzima ikaharibika kabla hatujagundua. Suluhisho ni kuweka kila kitu kwa peni (£2,000 ni peni 480,000), kukokotoa, kisha kurudisha kwenye pauni mwishoni.

Ada ndogo isiyosahaulika: upande huo wa mto ulikuwa ndani ya milki ya Lord Fairfax, na ardhi ililipiwa shilingi 2 kwa kila ekari 100 kwa mwaka. Ekari 600 ni shilingi 12. Ni kidogo, lakini isipolipwa inaleta doa kwenye hati.

Kuhusu hati yenyewe, orodha tuliyotumia: muuzaji anatoa ushahidi wa umiliki (hapa ni wosia wa 1743 na umiliki usiopingwa wa zaidi ya miaka 30), inahakikiwa kwamba ardhi haikufungwa kwa ukoo isiuzwe, jambo lililowabana wengi hadi Virginia ilipofuta kifungo hicho 1776, na mke wa muuzaji anaulizwa faragha, bila mume chumbani, kama anakubali kuachia theluthi yake ya mjane. Ikikosekana hatua hiyo ya mwisho, mnunuzi anaweza kukuta mjane mlangoni miaka 20 baadaye akiwa na haki kamili.

13 Aprili. Mkopo ulivyopunguza bei (saa 6)

Awamu 5 za £400 si sawa na £2,000 mkononi. Jedwali sasa lina swichi ya riba. Virginia ilikuwa na ukomo wa riba wa asilimia 5 wakati huo. Ukiweka swichi ya "awamu zenye riba", thamani yake ya siku ya mauzo inabaki £2,000. Ukiiweka "bila riba", malipo ya kwanza yakiwa baada ya mwaka, thamani inashuka hadi £1,731 na shilingi 16 hivi. Tofauti ni zaidi ya £268, karibu bei ya ile nyumba ya mama. Neno "mkopo mrefu" kwenye tangazo lina uzito huo.

Toleo la kwanza la jedwali halikuwa na safu ya hatari, na hapo tukapigwa. Mercer alijeruhiwa vitani Princeton tarehe 3 Januari 1777 na akafa tarehe 12. Kwa ratiba ya awamu za kila mwaka, deni lake lilivuka kifo chake. Wakati huohuo fedha za karatasi zilikuwa zinayeyuka: mwaka 1780 Bunge la Marekani lenyewe lilikubali dola 40 za karatasi kwa 1 ya fedha. Washington aliandika katika barua za miaka ya vita kwamba madeni yake ya hati yalikuwa yakilipwa kwa thamani ya shilingi 1 kwa pauni. Ukiipitisha awamu ya £400 kwenye kipimo hicho unabaki na £20.

Kwa hiyo kila awamu sasa ina safu nne: inayodaiwa, tarehe, aina ya fedha, na thamani kwa fedha ngumu. Usiruhusu safu ya tatu ibaki tupu.

4 Mei. Shamba lililokodiwa (saa 10)

Hili la ekari 400 lina maumivu yake. Mpango ulikuwa kwamba George achukue ardhi na watumwa wa mama kwa kodi ya mwaka iliyopangwa na shemeji yake, Fielding Lewis, pamoja na wengine waliochaguliwa na mama mwenyewe. Mwaka 1781, akimwandikia Spika wa Bunge la Virginia, Benjamin Harrison, alisema shamba halikuwahi kutoa hata nusu ya kodi hiyo.

Tulijaribu kwanza kuijaza safu ya mapato kwa makisio ya mazao. Tuliacha, kwa sababu kila kisio lilizaa jingine. Badala yake tukaipa kodi thamani ya 100. Mapato ni chini ya 50. Kila mwaka mpangaji anatoa mfukoni zaidi ya 50, na kwa miaka 9 amepoteza zaidi ya kodi ya miaka minne na nusu. Njia hii inatosha, na haihitaji kubuni gunia hata moja.

Barua ya 15 Februari 1787 kwa mama inaongeza namba: zaidi ya miaka 12 George hajapokea hata ndururu kutoka shambani, binamu yake wa mbali Lund Washington, aliyeisimamia Mount Vernon, alikwisha kumlipa mama £260 na ushei, yeye mwenyewe £50 na ushei, na juu ya hayo mazao yote mama aliyachukua. Alimtumia gini 15 (sarafu za dhahabu) na kumshauri aache kuendesha nyumba yake mwenyewe, akodishe watumwa isipokuwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na akaishi na mmoja wa watoto.

Onyo: zile £310 tulizijumlisha tukaziita "kodi iliyolipwa". Si sahihi. Sehemu yake ni ya miaka ya vita na fedha za karatasi, na sehemu ni msaada wa mtoto kwa mzazi. Zina ukurasa wake sasa, "fedha kwa mama", usiochanganywa na kodi.

25 Mei hadi 15 Juni. Ukurasa wa watu (saa 12)

Kwa sheria ya Virginia ya 1705 watumwa walihesabiwa kama mali isiyohamishika, ndiyo maana makubaliano yanataja ardhi na watu kwa pumzi moja. Jedwali letu la Januari lilifuata mfumo huo: safu ya "nguvu kazi" yenye idadi. Tuliona ni makosa ya kazi na ya utu. Shamba lisilotoa nusu ya kodi liliendelea kulisha kaya ya mjini kwa sababu kulikuwa na watu waliolima bila ujira, na daftari lisilo na majina yao linaficha nani alikuwa akilipia.

Mary alifariki 25 Agosti 1789. Wosia wake wa Mei 1788 ulimpa George ardhi yake yote ya kijito cha Accokeek Run, ambayo imefunguliwa ukurasa wa tatu. Wosia huohuo unataja watu kwa majina, kila mmoja akipelekwa kwa mrithi: mvulana George kwa mwanawe George, Tom kwa mwanawe Charles, Bet Mkubwa kwa mjukuu Corbin, pamoja na kibandawazi (gari dogo la wazi la kukokotwa na farasi) na farasi wawili weusi. Frederick kwa mjukuu Fielding Lewis. Lydia kwa mjukuu Lawrence Lewis. Bet Mdogo kwa mjukuu Betty Carter, "na uzao wake wa baadaye".

Kila mmoja sasa ana mstari wake: jina, alikokuwa, alikopelekwa, tarehe, na aliotenganishwa nao. Safu ya "thamani" imeondolewa kwenye ukurasa huu. Maneno "uzao wa baadaye" tumeyaweka kama yalivyo kwenye safu ya maandishi ya asili, na chini ya Bet Mdogo kuna mistari mitano mitupu ya majina ya watoto, ijazwe kadiri kumbukumbu za kaya ya Carter zinavyosomwa.